Ongeza Chumba, Usivunje Nguzo: Jinsi ya Kuupanua Mfumo wa Kampuni

Julai 2018, kampuni ya Lidl ya Ujerumani, yenye maelfu ya maduka ya vyakula barani Ulaya, iliwaarifu wafanyakazi wake kwamba mradi wake mkubwa wa kompyuta unafungwa kabla haujakamilika. Kazi ilikuwa imeanza mwaka 2011. Vyombo vya habari vya Ujerumani vilikadiria kwamba katika miaka hiyo saba mradi ulikuwa umeshameza kama euro milioni 500. Lidl ikarudi kwenye mfumo wake wa zamani, ule ule iliokusudia kuuacha.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani wadukuzi waliingia, au seva ziliungua. Wala. Moja ya sababu zilizotajwa sana ni jambo ambalo mwenye duka wa mtaani kwako analielewa vizuri kabisa: tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Programu waliyoinunua, ya kampuni ya SAP, kwa kawaida yake ilipima thamani ya mali iliyopo stoo kwa bei ya kuuzia. Lidl ilizoea kuipima kwa bei ya kununulia, na haikutaka kuacha utaratibu wake. Basi ikaamuliwa kwamba programu ndiyo ibadilishwe. Mradi wa ukubwa ule hauangushwi na jambo moja tu, lakini hili la bei limebaki kuwa mfano unaorudiwa kila wanapokutana watu wa mifumo.

Leo tuongee kuhusu kazi hiyo ya kuibadilisha programu ya kampuni ili ifanye kile ambacho haikutengenezwa kukifanya. Ni kazi inayoajiri vijana wengi wa kompyuta hapa Afrika Mashariki, na huenda wewe mwenyewe ukaifanya. Inaweza kuikomboa kampuni, na inaweza pia kuizamisha. Kinachoamua mara nyingi ni mahali ulipoweka mabadiliko yako.

Kwanza, mfumo wenyewe ni kitu gani?

Chukua kampuni ya kawaida. Tuseme inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, ina stoo mbili, malori matatu na wafanyakazi 40. Bila mfumo wa pamoja, kila idara ina daftari lake. Mtu wa stoo ana leja ya mifuko ya saruji, mhasibu ana faili lake la Excel, mtu wa mauzo ana kitabu cha ankara, na mishahara iko kwenye kompyuta ya ofisa utumishi peke yake. Mteja akinunua mifuko 200, habari hiyo hiyo inaandikwa mara tatu na watu watatu. Mmoja akikosea, mwisho wa mwezi hesabu hazifungi, na watu wanalala ofisini wakitafuta mifuko 20 iliyopotelea kwenye makaratasi.

Mfumo wa kuendesha biashara, ambao kwa kifupi huitwa ERP, unaondoa madaftari hayo yote na kuweka kanzidata moja. Ankara ikitoka, stoo inapungua mifuko 200 hapo hapo, deni la mteja linaongezeka, kodi ya VAT inatengwa, na mhasibu anaona kila kitu kwenye skrini yake. Tukio linaandikwa mara moja na kuonekana kote linakohitajika.

SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nyuzi za nailoni cha kampuni ya ICI, mjini Östringen. Enzi hizo kampuni kubwa zilizoea kujiandikia programu zao, kila moja na yake. Wazo la wale jamaa lilikuwa kuandika programu moja ya kawaida na kuiuza kwa wengi. Siku hizi kuna mifumo mingi ya aina hiyo, ikiwemo ile ya msimbo huria. Odoo ilianzia Ubelgiji mwaka 2005, mwanzilishi wake akiwa Fabien Pinckaers, na wakati huo ikiitwa TinyERP. ERPNext imetoka India.

Sasa, programu moja ikiuzwa kwa maelfu ya kampuni, itakuwa na mambo yanayofanana kwa wote: kununua, kuuza, kulipa, kuhesabu. Lakini hakuna kampuni mbili zinazofanana kila kitu. Siku ya tatu baada ya mfumo kufungwa, bosi wa stoo atakuja kwako na kusema, "Huu mfumo ni mzuri, ila sisi hapa tunafanya tofauti kidogo." Hiyo "kidogo" ndiyo habari yetu.

Ngazi tatu za kubadilisha

Ukitaka mfumo ufanye tofauti na ulivyokuja, una njia tatu. Zifikirie kama nyumba.

Njia ya kwanza ni kupanga samani, yaani mipangilio. Mfumo wenyewe umekuja na sehemu za kujaza: kiwango cha VAT, sarafu, nani anaruhusiwa kuidhinisha manunuzi, ankara ianze na namba gani. Huandiki msimbo wowote. Unabofya, unajaza, unahifadhi. Watu wengi wanaidharau ngazi hii kwa sababu haionekani kama "kazi ya kompyuta", lakini maombi mengi ya "tubadilishieni mfumo" yanaishia hapa hapa, endapo kuna mtu aliyesoma mwongozo.

Njia ya pili ni kuongeza chumba pembeni. Unaandika moduli yako mwenyewe, iliyojitenga, inayoongea na mfumo kupitia milango ambayo waliotengeneza mfumo wameiacha wazi kwa makusudi. Kwenye Odoo, kwa mfano, huhitaji kugusa faili la asili la ankara. Moduli yako inasema, "mimi narithi ankara ya kawaida, na ninaiongezea kisanduku kimoja cha namba ya lori." Faili la asili linabaki kama lilivyo. Ukiiondoa moduli yako, nyumba inarudi ilivyokuwa. SAP nao wana desturi ya zamani: programu anazojiandikia mteja zinapewa majina yanayoanza na herufi Z au Y, ili zisigongane kamwe na za SAP wenyewe. Ndiyo maana ukikaa na watu wa SAP utawasikia wakiulizana, "hiyo ni ya kawaida, au ni ya Z?"

Njia ya tatu ni kuvunja ukuta. Unafungua msimbo wa asili wa mfumo na kuubadilisha humo humo. Hii ndiyo njia ya mkato, na inavutia kweli. Mstari uko pale, unauona, unabadilisha neno moja, mchana huo huo kila mtu anafurahi. Tatizo ni kwamba nguzo huijui kwa kuiangalia tu. Ule mstari ulioubadilisha kwa ajili ya ankara unaweza kuwa unatumiwa na ripoti ya kodi ya mwisho wa mwaka, ambayo hakuna atakayeifungua hadi miezi minane ijayo.

Bili inakuja toleo jipya likitoka

Hasara ya njia ya tatu haionekani siku unapoandika. Inaonekana siku ya kusasisha.

Mfumo lazima usasishwe. Matundu ya usalama yanagunduliwa na kuzibwa, sheria zinabadilika, na waliouza mfumo hawahudumii matoleo ya zamani milele. Odoo hutoa toleo kubwa jipya kila mwaka. SAP wametangaza kwamba huduma ya kawaida kwa mfumo wao wa zamani, ECC, inaishia 2027, na kampuni zinazoutumia zinahimizwa kuhamia S/4HANA, uliotoka 2015. Kinachowachelewesha wengi ni maelfu ya programu za Z zilizorundikana kwa miaka 20, ambazo nyingine hakuna mtu kazini anayekumbuka zinafanya nini.

Hebu tuone mfano halisi wa namna toleo jipya linavyoumiza. Hadi toleo la 12, Odoo ilitunza ankara kwenye jedwali liitwalo account_invoice, na maingizo ya uhasibu kwenye jedwali lingine, account_move. Mwaka 2019 toleo la 13 likaja na uamuzi mkubwa: jedwali la kwanza likaondolewa, ankara zote zikahamishiwa kwenye la pili. Kiuhasibu ni jambo la busara, maana ankara ni ingizo la uhasibu pia. Lakini kila moduli ya pembeni iliyotaja jina lile la zamani ilivunjika. Waliokuwa wameongeza vyumba pembeni walikuwa na orodha fupi ya mahali pa kurekebisha, kwa sababu msimbo wao wote ulikuwa kwenye mafaili yao. Aliyekuwa amebadilisha mafaili ya asili alikuwa na kazi ya kwanza ngumu zaidi: kutafuta alibadilisha nini na wapi. Asipokuwa mwangalifu, toleo jipya linayafuta marekebisho yake kimya kimya, na anakuja kuambiwa na wateja.

SAP wana zana maalumu ya tatizo hilo, inayoitwa SPAU. Baada ya kusasisha, inakupa orodha ya kila kitu cha asili ulichowahi kukibadilisha, kimoja kimoja, ili uamue: ubaki na chako au uchukue kipya? Kuwepo kwa zana hiyo tu kunakuonyesha jinsi kazi ilivyo nzito.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme kampuni yetu ya vifaa vya ujenzi imefanya mabadiliko 40 kwenye kiini, na kila moja linahitaji saa 3 za kukagua, kurekebisha na kujaribu kila toleo jipya likija. Hiyo ni saa 120. Kwa siku ya kazi ya saa 8, ni siku 15, yaani wiki tatu kamili za mtu mmoja, kila mara, bila kuongeza chochote kipya. Kinachotokea kwenye kampuni nyingi ni kwamba mtu huyo hapatikani, basi wanaacha kusasisha. Mwaka wa kwanza hauna neno. Mwaka wa tano unakuta mfumo una matundu ya usalama, haukubali seva mpya, na kuhama kunagharimu kuliko kununua upya. Ni deni, na riba yake inapanda ukiwa umelala.

Mbona basi tusiache kabisa?

Kwa sababu kwetu huku, bila nyongeza mfumo hauendi. Programu iliyoandikwa Ujerumani au Ubelgiji inakuja ikidhani kwamba mteja analipa kwa benki. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania ikafuata 2008. Leo kampuni ambayo mfumo wake hauyajui malipo ya simu inalazimika kuajiri mtu wa kukaa na simu na kuandika upya kila ujumbe wa malipo. Safaricom ilipofungua jukwaa lake la Daraja mwaka 2017, ilirahisisha kwa programu za watu wengine kuongea na M-Pesa moja kwa moja. Jina lenyewe linajieleza.

Tuone nyongeza ya namna hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu ndani yake kuna somo zima.

Mteja analipia mifuko yake kwa simu. Anaweka namba ya kampuni, kisha kwenye sehemu ya akaunti anaandika namba ya ankara. Malipo yakikamilika, seva za M-Pesa zinatuma ujumbe kwenye anwani ya intaneti ambayo kampuni imeisajili. Ujumbe una namba ya muamala, kiasi, muda, na ile namba ya akaunti kama mteja alivyoiandika. Moduli yako inaupokea, inatafuta ankara yenye namba hiyo, na kuandika kwamba imelipwa. Mtu wa stoo anaona rangi ya kijani, lori linapakiwa.

Ukiangalia haraka ni kazi ya siku mbili. Kumbe kuna mitego minne.

Mtego wa kwanza: ujumbe unaweza kufika mara mbili. Mtandao ulisitasita, aliyetuma hakupata jibu, akatuma tena. Moduli isiyojihadhari itaandika malipo mawili, na mteja atapata saruji ya bure. Dawa yake ni kuiweka namba ya muamala kuwa ya kipekee kwenye jedwali lako: ikija tena, unajibu "nimepokea" na huandiki kitu.

Mtego wa pili: binadamu anakosea. Badala ya namba ya ankara ataandika jina lake, au namba ya simu ya mjomba wake. Usijaribu kuwa mjanja na kubahatisha ni ankara ya nani. Pesa ipokee, iweke kwenye akaunti ya kusubiri, na umwonyeshe mhasibu aamue.

Mtego wa tatu: ujumbe usifike kabisa, kwa sababu umeme ulikatika ofisini au seva yako ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo kila jioni moduli ilinganishe orodha yake na taarifa ya akaunti ya M-Pesa. Kilichopo kule na hakipo hapa, kiingizwe.

Mtego wa nne ndio unaorudi kwenye nguzo zetu. Ukishajua ni ankara gani imelipwa, utaandikaje? Mwanafunzi mwenye haraka ataingia kwenye kanzidata na kuongeza mstari kwenye jedwali la malipo moja kwa moja. Mstari utaonekana. Lakini mfumo, ukipokea malipo kwa njia yake ya kawaida, hufanya mengine mengi: unapunguza deni la mteja, unaandika pande mbili za leja, unaangalia kama mwezi huo haujafungwa. Wewe umeviruka vyote. Matokeo yake mteja amelipa, mfumo unasema bado anadaiwa, na siku akija kukopa mzigo anakataliwa mbele za watu. Pita mlangoni: ita kazi ya "pokea malipo" ambayo mfumo unayo tayari, uiache ifanye yake.

Na kodi je?

Kodi ndiyo sababu ya pili ya lazima. Tanzania ilianza kutumia mashine za EFD mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, na baadaye TRA ikaruhusu mashine pepe, VFD, yaani programu inayofanya kazi ya mashine. Kenya ina eTIMS ya KRA. Tangu 1 Januari 2024, kwa ujumla gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguzwa kwenye hesabu ya kodi ya mapato, ingawa sheria inaacha nje baadhi ya aina za gharama. Maana yake ni kwamba mfumo wako usipoongea na KRA, tatizo haliishii kwako. Mteja wako naye anaumia, na atahamia kwa muuzaji mwingine.

eTIMS ina njia mbili za kuunganisha mfumo wa kampuni: OSCU, kwa mifumo iliyo mtandaoni wakati wote, na VSCU, kwa mifumo inayotoa ankara nyingi kwa mkupuo au isiyokuwa mtandaoni muda wote. Hapa uamuzi wa kiufundi unategemea maisha ya kampuni yenyewe. Mwenye matawi ambako intaneti inakuja na kuondoka hana sababu ya kulazimisha njia ya kwanza.

Cha kukumbuka ni kwamba sheria za kodi hubadilika. Aprili 2020, wakati wa korona, Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Januari 2021 ikarudi 16. Kwa aliyeweka kiwango hicho kwenye mipangilio, kazi ilikuwa dakika tano kila mara. Kwa aliyeandika 16 ndani ya msimbo, kwenye ankara, kwenye ripoti, kwenye risiti, kila mahali peke yake, ilikuwa ni kuwinda namba mara mbili ndani ya miezi tisa, na kuomba Mungu asiwe ameacha moja. Kinachobadilika kisikae ndani ya ukuta.

Birmingham: mazoea yanapogeuka msimbo

Kama kesi ya Lidl inaonekana ya mbali kwa sababu ni pesa za tajiri, iangalie ya Birmingham, Uingereza. Huo ni mji wa watu zaidi ya milioni moja, na halmashauri yake ilikuwa imetumia SAP tangu 1999. Ikaamua kuhamia mfumo wa Oracle, na Aprili 2022 ukawashwa. Mpango wa awali ulikuwa kuutumia mfumo ulivyo na kubadilisha taratibu za ofisi. Baadaye wakageuka, wakaanza kuubadilisha mfumo ufuate taratibu zao.

Sehemu iliyoumiza zaidi ilikuwa nyongeza maalumu ya kulinganisha taarifa za benki na hesabu za halmashauri, yaani kazi ile ile ya mtego wa tatu hapo juu, ila kwa mji mzima. Haikufanya kazi ipasavyo. Wafanyakazi wakawa wanaoanisha miamala kwa mkono, na halmashauri ikashindwa kujua vizuri hali yake ya fedha. Bajeti ya awali ya kama pauni milioni 19 ikapanda, na kufikia 2023 makadirio yalizungumzia karibu pauni milioni 100. Septemba mwaka huo halmashauri ilitoa tangazo rasmi kwamba haiwezi kulingana na matumizi yake, hatua ambayo magazeti huiita kufilisika. Mzigo mkubwa ulikuwa madai ya muda mrefu ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume, na mfumo ulikuwa mzigo mwingine juu yake. Baadaye ikaamuliwa Oracle ianzishwe upya, safari hii bila kuushona mfumo kwa vipimo vya ofisi.

Waliobeba gharama ni wakazi, waliopandishiwa kodi ya halmashauri na kupunguziwa huduma.

Kabla hujaandika mstari wa kwanza

Basi mtu akija kwako na "sisi hapa tunafanya tofauti kidogo", muulize maswali haya, kwa heshima lakini bila kuruka hata moja.

Moja: tofauti hii ni sheria, ni uhai wa biashara yenu, au ni mazoea? Sheria haina mjadala, eTIMS utaiunganisha tu. Mazoea mara nyingi yanaweza kubadilika: fomu yenye sahihi tano ilibuniwa na mtu aliyestaafu zamani, na hakuna anayejua sahihi ya nne ni ya nini.

Mbili: mipangilio haitoshi? Soma mwongozo kwanza. Uliza kama kuna mtu ameshaandika moduli hiyo. Kwenye mifumo ya msimbo huria mara nyingi ipo.

Tatu: mlango upo? Ukikuta hakuna njia ya kuongeza chumba bila kuvunja ukuta, simama. Rudi kwa mwenye kazi na umwambie gharama halisi, pamoja na ile ya kila toleo jipya.

Nne: nani ataitunza ukiondoka? Nyongeza isiyo na maelezo yaliyoandikwa ni bomu lenye saa. Andika inafanya nini, nani aliiomba, na kwa nini.

Tano: ikikataa kufanya kazi Ijumaa jioni, biashara itasimama? Lori lisishindwe kutoka kwa sababu moduli ya M-Pesa imelala. Weka njia ya mkono, hata kama ni ya kuchosha.

Tofauti inapostahili kulindwa

Usije ukaondoka hapa ukidhani kampuni siku zote ndiyo ipinde na programu ibaki imenyooka. Fikiria chama cha ushirika cha kahawa. Mkulima analeta kahawa yake leo na kupewa malipo ya awali. Kahawa inaenda mnadani, inauzwa, gharama zinatolewa, na kama kuna ziada, mkulima anapata malipo ya pili. Siku ya kupokea mzigo, bei ya mwisho haijulikani.

Mfumo wa kawaida hauelewi kitu kama hicho. Kwake, ukinunua kitu bei inajulikana, unalipa, ankara inafungwa, mambo yamekwisha. Ukimwambia katibu wa ushirika "badilisheni utaratibu ufuate programu", unamwambia malipo ya pili yaandikwe kwenye daftari la pembeni, nje ya mfumo, mahali ambapo ni rahisi zaidi kwa pesa ya mkulima kupotea bila mtu kuuliza. Hapo nyongeza inastahili kila shilingi: moduli inayokumbuka kila kilo ya kila mkulima hadi mnada, na kugawa ziada mbele ya macho ya wote. Utaratibu huu ndio ushirika wenyewe.

Ukitazama vizuri utaona kwamba Lidl na ushirika wa kahawa wameuliza swali la aina moja: mali hii tuiandike kwa bei gani, na lini? Mashine haiwezi kukujibia kama kubadilisha mfumo kwa ajili ya swali hilo ni busara au ni ukaidi. Inabidi uijue biashara. Kwa hiyo wewe unayesoma kompyuta, chukua na kozi ya uhasibu, hata kama ni ya muhula mmoja. Nenda ukakae stoo siku nzima, uangalie mzigo unavyoingia na kutoka, uulize kwa nini kila karatasi ipo. Ukitoka hapo utajua ni zipi nguzo, na utaweza kumwambia bosi "hili tunaongeza, hili tunaacha" na ukaeleza sababu akakuelewa.